Kivuli Kilitangulia

Tarehe ishirini na nne Januari, saa mbili kasoro robo asubuhi, doña Eulogia Tarqui alipandisha kofia arobaini kwenye paa tambarare la nyumba yake na kuzipanga juu ya mbao, kila moja imevishwa kwenye kalibu yake. Zilikuwa kofia za mviringo za wanawake wa kwetu, zile ndogo zinazokaa juu ya utosi kana kwamba mtu amezisahau pale. Zilikuwa za manyoya ya sungura yaliyoshindiliwa, zimepakwa gundi kwenye ukingo, bado mbichi. Kofia ya namna hiyo inataka jua la asubuhi kwa muda wa saa nne mfululizo. Ukiianika kivulini, ukingo unalegea. Ukiikausha kwa jiko, inageuka rangi ya meno ya mvutaji. Mchana jua halipatikani, maana upande wa pili wa nyumba kuna ukuta wa sinema ya zamani, na mvua zetu za Januari huanza saa nane bila kukosa. Mama yake alianika juu ya paa hilohilo, na bibi yake kabla ya mama, na hakuna kati yao aliyewahi kumwomba mtu ruhusa ya jua.

Kofia hizo zilikuwa mwanzo wa oda ya mia mbili, ya chama kimoja cha wachezaji ngoma kwa ajili ya sherehe ya Juni. Oda hiyo ndiyo iliyokuwa inaiweka karakana yake hai mwaka mzima. Wakuu wa chama walikuwa wameshamwambia, kwa adabu sana, kwamba kule El Alto kuna kiwanda chenye mashine, na kwamba wao wanabaki naye kwa sababu ya ukingo wake tu. Ukingo ukilala, wataondoka. Doña Eulogia aliwaelewa, akawakaribisha chai.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanja cha kuegesha magari, na juu ya kiwanja hicho kampuni moja ilitaka kusimamisha mnara wa ghorofa thelathini na mbili. Jengo refu kuliko yote mtaani kwetu wakati huo lilikuwa la Nardy Aliaga, mwenye duka la dawa. Lilikuwa na ghorofa tatu, na ile ya tatu alifugia kuku. Sheria inataka wakaazi waulizwe kama jengo linaendana na mtaa. Kwa hiyo kampuni ilimtuma msanifu wake, Gonzalo Urquidi, mtu mpole mwenye viatu safi, mzaliwa wa Santa Cruz, kule kwenye joto na nchi tambarare. Yeye ndiye aliyepanga mkutano uwe siku hiyo, saa tano na nusu.

Hakuna mtu wa kwetu ambaye angeitisha mkutano siku hiyo na saa hiyo. Ni siku ya Alasitas. Ikipiga saa sita, kila mtu anatakiwa awe ameshika kitu kidogo cha kuchezea ambacho anataka kiwe kikubwa. Wengine hushika kijumba, wengine kigari, wengine kicheti cha udaktari cha ukubwa wa kidole. Yatiri, mganga wetu, anakifukiza, kinanyunyiziwa pombe na petali, na kabla mwaka haujaisha kinakuja. Si kila mara. Lakini kinakuja vya kutosha, kiasi kwamba hakuna anayethubutu kukaa mikono mitupu saa hiyo. Basi tulikwenda mkutanoni na vitu vyetu ndani ya mifuko, na mwenyekiti wa mtaa, don Hilarión Poma, mwenye mgahawa wa kuku wa kukaanga, akamwambia yatiri atukute hukohuko ukumbini.

Mfano wa mnara ulikuwa juu ya meza ya katikati, urefu wa kiuno cha mtu, wa plastiki nyeupe, na vimiti, na visanamu vidogo vya watu wasio na kofia.

"Linafanana na friji," alisema Nardy.

"Friji ya nani?" don Hilarión akamuuliza. "Friji yako ina mlango. Hili hata mlango siuoni."

"Mlango uko upande wa nyuma," alisema msanifu.

"Kwa hiyo sisi tumepewa mgongo."

Msanifu akaandika neno "mgongo" kwenye daftari lake. Aliandika kila kitu, huyo bwana, sina la kumlaumu hapo. Mmoja alisema jengo ni refu mno, mwingine akasema si refu kivile ila ni jeupe mno, na wa tatu akauliza kama litakuwa na choo cha umma. Doña Eulogia akasimama na kuuliza jua lake la asubuhi litapita wapi.

"Swali zuri sana, mama," alisema msanifu. "Litajibiwa kwenye tathmini."

Kengele za kanisa zikapiga saa sita. Yatiri akaingia na chetezo, mkutano ukasimama, na kila mtu akatoa chake. Kwa dakika tano ukumbi ulijaa moshi na petali za njano. Doña Eulogia alikuwa ameshamaliza kubariki cherehani yake ya bati, na chupa ilikuwa bado mkononi mwake, alipoona mfano wa mnara umebaki peke yake juu ya meza, hata tone halijauangukia. Kwetu ni utovu wa adabu kukiruka kitu kidogo kilichoko chumbani saa sita. Ni sawa na kuwapakulia wageni wote ukamwacha mmoja. Mkono ulikwenda wenyewe. Akamimina matone kwenye pembe nne za mnara, akatupia petali, na yatiri, ambaye alikuwa anawahi mtaa wa pili, akazungusha chetezo mara tatu. Msanifu alidhani mradi umekubalika. Akashukuru, akapiga picha.

Kesho yake saa mbili jua lilikuwa limeshapanda vizuri juu ya milima, na mtaa mzima ukalipata isipokuwa mlango wa duka la dawa na paa la doña Eulogia. Kivuli kilikuwa kimelala pale. Kilianzia kwenye kiwanja cha magari, kikavuka barabara, kikapanda ukuta wa nyumba yake na kutandaa juu ya kofia mpya za siku hiyo, upana wa hatua kumi na nane, kingo zimenyooka. Kwenye kiwanja magari yalikuwa yameegeshwa kama siku zote, na juu ya magari hapakuwa na kitu ila hewa.

Nardy alitoka dukani, akakitazama, akarudi kuchukua sweta.

"Kimefika mapema," alisema.

"Ndivyo vinavyokuja," alisema don Hilarión. "Mwaka juzi mimi nilibariki lori. Kilichotangulia ni honi. Miezi mitatu, kila saa moja asubuhi, honi uani kwangu na hakuna lori. Lori lenyewe likaja Agosti. Kivuli ni chepesi, bila shaka kimetangulia tu."

"Nasikia mkono ulikuwa wako, doña Eulo," Nardy akamgeukia mwenye kofia.

"Ningeuacha vipi, umebaki peke yake pale?"

"Kweli, ungeuachaje."

Na hakuna aliyemlaumu, kwa sababu kila mtu alijijua kwamba angefanya vilevile. Yatiri alipoulizwa kama anaweza kukitengua, alisema yeye kubariki anajua, kutengua hakufundishwa, na babake pia hakufundishwa, kwa sababu haikuwahi kutokea mtu akapata alichokiomba halafu akakirudisha.

Doña Eulogia alikwenda Idara ya Mandhari akapokelewa na ofisa aliyeitwa Ximena Farfán, mwanamke makini mwenye mihuri sita. Fomu ya malalamiko ya kivuli ilikuwepo. Tatizo lilikuwa ni kwamba ilikuwa na sehemu ya kujaza jina la jengo linalotoa kivuli, na jengo halikuwepo.

"Nikiandika jina la mnara unaotarajiwa?"

"Utakuwa umesema uongo kwenye waraka wa serikali, mama," alisema Ximena Farfán kwa huruma. "Wewe fanya hivi. Chukua chaki. Kila asubuhi piga alama kinapoanzia na kinapoishia, na uandike tarehe na saa. Ushahidi ndio kila kitu. Bila ushahidi mimi siwezi kukusaidia, na ukiwa na ushahidi hakuna wa kukupinga."

Akapiga chaki. Alitumia ile ya bluu ya kuchoria vipimo vya kofia, na alipiga kila robo saa, kila siku, hadi paa lake likajaa mistari na tarehe kama ubao wa shule. Alikuwa na mkono mzuri wa kuandika.

Mkutano wa pili ulifanyika Machi, na safari hii tuliufanyia barabarani, kwa sababu michoro inaficha lakini kivuli hakifichi. Msanifu alikuja na kompyuta yake. Tukamwambia mnara ni mnene. Akaufanya mwembamba, na kivuli kikasogea pembeni kabla hajafunga kompyuta. Duka la dawa likapata jua, na Nardy akasema sasa tunaanza kuelewana. Lakini kikawa kirefu zaidi, kikafika ngazi za kanisa, na padri akatuma mtu kuja kuuliza. Msanifu akakata ghorofa mbili. Padri akaridhika. Juu ya paa la doña Eulogia hakikutoka, maana nyumba yake ilikuwa karibu mno, na mnene au mwembamba ni lazima kipite hapo.

Halafu watu wakaanza kunogewa. Don Hilarión alisema mnara usio na vibaraza si wa mtaa wetu, sisi ni watu wa kukaa kibarazani na kuangalia nani kapita na nani. Msanifu akachora vibaraza. Palepale vivuli vya vibaraza vikatokea ukutani, kimoja kimoja, na vivuli vya vyungu vya maua juu yake. Nardy akadai kileleni pawekwe nakshi za ngazi-ngazi kama zile za mawe ya kale. Zikawekwa. Kivuli kikavaa taji. Asubuhi watu kutoka mitaa mingine walikuja kupiga picha nacho, na muuza juisi ya karanga akahamia pale kuwauzia.

"Sasa hiki kinaendana," alisema Nardy. "Kile cha kwanza kilikuwa friji. Hiki ni chetu."

"Ni kizuri," alikubali doña Eulogia, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo. "Mimi sitaki kizuri. Mimi nataka saa nne zangu."

Msanifu akaandika "saa nne" kwenye daftari.

Kofia zilikuwa zinaharibika. Zile arobaini za kwanza zilikuwa zimekauka kabla ya baraka, lakini thelathini za siku ya pili zililegea ukingo. Alijaribu kuzihamisha kulifuata jua kadiri kivuli kilivyosogea, lakini kofia ikisogezwa wakati gundi ni mbichi inapinda, na ikishapinda imepinda. Alizipeleka kwenye bustani ya uwanja mkuu, askari wakamwambia hapo bidhaa haziruhusiwi. Aliwasha jiko mara moja, akapata kofia ishirini za rangi ya meno. Mwezi wa Aprili wakuu wa chama cha ngoma wakaja, mwanamume na mkewe, wakazigeuzageuza kofia mikononi. Doña Eulogia akawaletea chai.

"Ukingo umelala," alisema yule mke.

"Haujapata jua, mama."

"Tumekiona kivuli. Wamekitengeneza vizuri sana. Ila ukingo umelala."

Walimpa muda. Walisema atakapojua uamuzi wa mnara, nao wataamua. Usiku huo hakula. Hilo aliniambia mwenyewe, na nilimwamini, kwa sababu siku ya pili suruali zangu alizokuwa ananipunguzia zilirudi zimekatwa mguu mmoja.

Mkutano wa tatu, wa kupiga kura, ulikuwa Mei. Ximena Farfán alikuja mwenyewe na tathmini, kurasa mia moja na kumi, imefungwa kwa utepe. Doña Eulogia alikaa mbele kabisa, amevaa kofia yake bora, ya mwaka juzi. Alikuwa amefurahi. Alikuwa ameona, kwenye jalada, picha ya paa lake na mistari yote ya bluu.

"Doña Eulogia Tarqui," alisema Ximena Farfán, "kwanza Idara inakupongeza. Hatujawahi kupata takwimu safi namna hii kutoka kwa raia. Hizi alama ni zako?"

"Ni zangu."

"Hii ya tarehe ishirini na tano Januari, saa mbili asubuhi. Kivuli kilikuwepo?"

"Kilikuwepo."

"Na mnara ulikuwepo?"

Doña Eulogia akaitazama picha ya paa lake kwenye jalada. Nadhani hapo ndipo alipoona maswali yanakoelekea.

"Haukuwepo," alisema.

"Asante." Ximena Farfán akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma pole pole ili sote tuelewe. Kivuli kilichopo kwenye paa la mlalamikaji kilitangulia mradi, na kwa hiyo hakitokani na mradi. Ni sehemu ya hali ya asili ya mtaa, kama mteremko na upepo. Mnara utakapojengwa, kivuli chake kitaangukia juu ya kivuli kilichopo tayari, na hakitaongeza hata unyayo mmoja wa giza. Athari ya mradi kwa mwanga wa jua ni sifuri.

"Lakini mnajua kimetoka wapi," alisema doña Eulogia. "Mlikuwepo wote. Niliubariki mimi, kwa mkono huu."

"Sina shaka, mama," alisema Ximena Farfán, na nasema kweli, sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikitika. "Lakini hilo ni jambo kati yako na yatiri. Fomu haina sehemu ya baraka."

Don Hilarión alijaribu. Alisimama akasema mtaa unamheshimu doña Eulogia, mama yake na bibi yake, na kwamba labda msanifu angeweza kutoboa tundu katikati ya mnara, jua lipite. Msanifu alifungua kompyuta akalitoboa. Lakini tundu lilikata nakshi za kileleni katikati, taji likawa kama mdomo wa mtu aliyeng'oka meno, na ukumbi mzima ukaguna. Nardy akasema baada ya kazi yote ile, hapana. Msanifu akaliziba.

Tukapiga kura juu ya muundo, maana juu ya mnara wenyewe hakuna aliyetuuliza. Hilo lilikuwa limepitishwa Novemba iliyopita, na ukurasa wa nne wa tathmini uliandika hivyo wazi kwa yeyote ambaye angeusoma. Muundo ulipita. Mikono thelathini na saba, mmoja haukunyooshwa. Mimi nilinyoosha wangu. Sitaki kujisafisha hapa. Vile vibaraza nilivipenda.

Baada ya kikao watu walimzunguka doña Eulogia kumpa pole, na wengine walimwagizia kofia. Wakuu wa chama wakampa mpaka Jumamosi ya wiki ile. Kofia mia moja na sitini zilikuwa zimebaki. Zikikauka vizuri, oda ni yake. Zikilala ukingo, sherehe ya mwaka huu watavaa za kiwandani, na ya mwaka ujao, na zitakazofuata.

Ijumaa asubuhi kampuni ilifanya sherehe ya kuweka jiwe la msingi. Barabara ilifungwa kwa kibali. Viti mia mbili vilipangwa mbele ya kiwanja, bendera zikatundikwa, na wakubwa wakaja na makoti mepesi kwa sababu anga lilikuwa safi kabisa. Ilipofika saa tatu walikuwa wanatetemeka. Viti vilikuwa vimepangwa ndani ya kivuli cha ghorofa ya kumi hadi ya ishirini na moja, na baridi ya kwetu kivulini mwezi wa Mei si ya kuchezea. Mgeni rasmi alipopiga chafya ya tatu, msanifu akaamuru viti vyote vihamishwe hatua sitini kupanda barabara, kwenye jua. Kila mtu akabeba chake. Hotuba zikaendelea kule, na watu wakavua makoti.

Doña Eulogia alikuwa juu ya paa lake na kofia mia moja na sitini, zote mbichi, akiwatazama. Msanifu alimwona akiwa peke yake kule kwenye baridi, na kwa kuwa alikuwa mtu mpole, akatembea hadi chini ya nyumba.

"Mama," akamwita, "njoo huku kwenye jua. Utaugua bure."

"Naweza kuja na kofia zangu?"

"Njoo nazo."

"Zote?"

Msanifu akageuka. Alivihesabu viti kwa kidole, safu kwa safu, kwa uangalifu uleule aliokuwa akiandikia maswali yetu, kisha akarudi na kuinua uso.

"Vilivyo wazi ni kumi," alisema.

Doña Eulogia akainama juu ya mbao zake, akaanza kuchagua kofia kumi.